Mtaro Uliozunguka Makaburi

Mimi ndiye fundi niliyepima. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana kule kijijini bado wapo wanaoilaumu mvua kwa simu ile kutolia.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa fundi wa simu katika kiwanda kimoja cha chai nje ya Tukuyu. Ofisini tulikuwa na kabati kubwa la mitambo lililounganisha simu zote za kiwanda. Kijiji cha ng'ambo ya mto kilipojenga zahanati, ikaamuliwa kipewe kabati la pili, dogo, ili mganga aweze kuita gari la kiwanda mgonjwa akizidiwa. Makabati hayo mawili yangeunganishwa kwa waya mmoja mnene, na kitabu cha mitambo kilisema waya usizidi kilomita mbili. Ukizidi, hayasikilizani. Hakuna dawa.

Dada yangu alikuwa ameolewa kijiji hicho. Alikwisha kupoteza watoto wawili akisubiri gari, na sasa alikuwa na mimba ya tatu. Kila Jumapili baada ya ibada aliniuliza, "Simu lini, kaka?"

Nilipima kwa kamba, nikikata moja kwa moja katikati ya migomba, na mtoni ningevusha waya juu ya nguzo. Zilibaki mita hamsini za akiba. Nikafurahi kama mjinga. Mimi, Mnyakyusa niliyezaliwa migombani, nilisahau kwamba migombani ndimo tunamozika.

Watu walikuja kujitolea na majembe yao kuchimba mtaro wa kuufukia waya. Siku ya kwanza tu, bibi mmoja alitoka nyumbani kwake akasimama mbele ya mtaro.

"Hapa amelala mwenye nyumba," alisema. "Pitisheni kule, mwanangu."

Nani angembishia? Mtaro ukapinda. Ukapinda kwa jirani yake, ukapinda tena kwa jirani wa jirani. Kila kaya ilikuwa na wafu wake. Ulipofika zahanati niliupima upya peke yangu, nikakuta umezidi kwa mita mia mbili na ushei.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini mwenyekiti wa kijiji alikuwa amenishika bega mbele ya watu akiniita mtoto wao, na kina mama walikuwa wamechimba wiki mbili kwenye matope. Niliona haya. Nikaunga kipande cha waya, nikajiambia labda itakubali. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha.

Siku ya kujaribu, simu ya zahanati ililia mara moja, vigelegele vikapigwa. Nilipoinua mkono wa simu nikasikia mvumo mtupu.

"Bado kurekebisha kidogo," nikasema.

Dada yangu alikuwa mlangoni, mikono juu ya tumbo. Aliniamini. Mganga naye aliniamini, na vijana wanne wa kijiji waliozoea kukaa tayari na machela kuwabeba wagonjwa hadi kiwandani wakarudi mashambani kwao.

Uchungu ulimshika siku ya Alhamisi, mchana kweupe. Mganga alipiga simu, akapiga, akapiga tena, kwa sababu nilikuwa nimesema ni kidogo tu. Mimi nilikuwa nimekaa ofisini kando ya kabati kubwa, nikilifuta vumbi. Halikulia. Aliyefika ni shemeji, amekimbia akizunguka hadi darajani, matope mpaka mapajani. Gari lilipofika kule, mama na mtoto walikuwa wamekwisha kufunikwa.

Tuliwazika pamoja migombani, nyuma ya nyumba ya mumewe.

Mwaka uliofuata alikuja fundi mwingine kutoka Mbeya kunyoosha njia ya waya. Nilitumwa kumwongoza. Tulipofika nyuma ya ile nyumba, shemeji alitoka akasimama mbele yetu. Nikamwambia fundi apitishe kule, pembeni.

Akatazama karatasi yake. "Ndugu, tukizunguka hapa waya utazidi."

Nikamwambia najua.