Siku Niliyopiga Simu Redioni Kutafuta Dawa ya Pombe

Hii nilitaka kufa nayo, lakini Isiolo nzima inaijua, basi heri muisikie kwangu mwenyewe. Mimi ni dalali wa mbuzi, na nilikuwa mlevi wa kujificha (Muislamu mzima, aibu iliyoje). Mke wangu Kaltuma alichoka akarudi kwao, nami nikamwendea baba mkwe nikamwapia kwamba mikono yangu inatetemeka kwa malaria tu.

Ukweli ni kwamba nilitaka kuacha na nilikuwa nimeshindwa. Shemeji yangu Amina, dadake Kaltuma, ni nesi wa kliniki ya walevi, ningemuuliza yeye tu, lakini ningemtazama vipi? Basi siku ya soko nikasikia redioni “daktari” mmoja akisifu unga wake wa mizizi unaomaliza kiu ya pombe kwa wiki moja, mtangazaji akakaribisha simu, nikaona hapo ndipo pa kuulizia bila kujulikana. Nikajibanza nyuma ya lori la mbuzi, nikabana pua, nikapiga.

“Naitwa Josephat, kutoka Leparua.” (Josephat! Mimi, Guyo!)

“Josephat, punguza redio yako, tunajisikia huko.”

Ningeipunguza vipi na redio yenyewe ni ya hoteli, spika mlangoni, soko lote linasikiliza? Nikasogea kando, sauti ikanifuata. Daktari akauliza nakunywa nini, na mke anajua? Nikajibu yote, hata kwamba mke amekimbia na babake nimemdanganya. Kisha akajigamba kwamba dawa yake haijawahi kushindwa na mlevi yeyote.

Hapo udalali ukanipanda kichwani. Nikaachia pua, nikapaza sauti kama kila siku muuzaji anaposifia mbuzi wake: “Wallahi, sifa si mnyama! Mtembeze tumwone! Huyo mtu umeponya ako wapi?”

Daktari akakohoa, simu ikakatika. Soko likaangua kicheko, maana maneno hayo hakuna mnunuzi asiyeyajua kuwa ni yangu. Ekai, dalali mwenzangu Mturkana, akanifuata nyuma ya lori akijifuta machozi: “Brother Josephat, Jumapili tunakungoja kanisa!”

Ningecheka naye. Lakini mlangoni mwa hoteli, chini ya spika, alikuwa ameketi baba mkwe na chai yake. Nikamsogelea, nikamtolea salaam kwa sauti ndogo.

“Jana nimeambia msichana yangu afunge vitu arudi kwako,” akasema polepole, “juu ya vile uliniapia.”

Akasimama akaenda, chai ikabaki. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mchana ule ule nikaenda kwa Amina, kwani sasa kulikuwa na nini cha kuficha?

“Shemeji, hakuna dawa ya wiki moja,” akaniambia. “Na usiache ghafla peke yako, mwili inaeza kukuangusha. Hii ni safari mrefu, pengine utateleza. Nikikuambia ni rahisi nitakuwa nakudanganya kama yule.”

Ilikuwa habari mbaya, na nikaiamini papo hapo.

Kliniki bado naenda. Kaltuma hajarudi, baba mkwe alisema kwa neno langu hatamtoa tena, na siwezi kumlaumu. Nami nimekoma kuapa, hata mbuzi nawauza bila wallahi, na wanunuzi wanadhani ninaumwa.