Apolonia na Wanaume wa Zamu wa Ufalme wa Ahom

Marehemu Apolonia alikuwa akilea wazee huko Grand Prairie, Texas, Marekani. Miaka hamsini na minane, magoti mabovu, na somo moja tu lililobaki amalize chuo. Historia ya India. Alishalifeli mara moja, na chuo hakikuruhusu kurudia zaidi ya mara moja. Akianguka tena, miaka sita ya kusoma imekwenda na maji.

Mwalimu wake, Bwana Sheldon, alimtaka, kama mtihani wa mwisho, asimame mbele ya darasa aeleze habari za Waahom, kabila lililovuka milima kutoka upande wa Burma, likatawala bonde la mto Brahmaputra karne sita. Apolonia akafanya kama alivyozoeshwa shuleni Karagwe. Akakariri. Wafalme kwa mpangilio, na miaka yao. Alikariri akikunja mashuka, alikariri akiendesha gari.

Kagendo, Mkenya aliyefanya naye kazi, hakumwacha. "Dada Apo, hao wafalme watakuja kukupigia deki?"

Apolonia akacheka, akaendelea.

Siku ikafika. Alitaja wafalme tisa, wa kumi akamponyoka. Vijana wakatazamana. Mwalimu akamwambia aachane na majina, akamuuliza jambo moja: wanaume walipokwenda kumpigania mfalme na kumjengea mabwawa, mashamba yao yalilimwa na nani?

Kitabuni alikuwa ameona kwamba walipangwa wanne wanne. Aliona tu, akapita. Sasa amesimama mbele ya darasa. Likamjia jiko la Rukaya, mwenzake wa kazini, wiki ile Rukaya alipofiwa na mume.

"Kazini tuko wanawake wanne," akasema. "Msiba ukitokea, mmoja anakwenda kupika. Watatu wanamshikia zamu yake, wanamchukulia watoto wake shuleni, wanamfulia. Kesho yake anakwenda mwingine. Waahom walikuwa hivyo. Mmoja kwa mfalme, watatu shambani kwake."

Mwalimu akauliza, na wale watatu wakigoma?

"Basi mfalme hana jeshi. Nguvu yake iko kwa hao waliobaki nyumbani."

Bwana Sheldon akampa chaki, akaenda kukaa kwenye kiti cha wanafunzi, akamwomba aanze upya, taratibu, ili yeye mwalimu aandike.

Alama yake ilikuwa ya juu kuliko zote.

Siku ya mahafali watu waliombwa wasipige kelele mpaka mwisho. Kagendo na Rukaya hawakusikia hilo. Vigelegele vyao vilijaza ukumbi, na Apolonia akapita jukwaani taratibu, kama mtu asiye na basi la kuwahi.

Nje alimkabidhi cheti mumewe, Severin, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Akakishika pembeni pembeni, asije akakichafua. Apolonia akaweka kidole juu ya maandishi: Apolonia Severin.

"Hapa ni mimi," akamwambia. "Na hapa, Severin, ni wewe."