Dua Iliyotoa Siri

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyomo vifuani kabla hatujayatamka, aliyenipa umri wa kumlea mjukuu. Namshukuru kwa alichonipa na kwa alichokichukua.

Mjukuu wangu aliishi nami hapa Kisauni tangu mamake, mwanangu wa pekee, alipofariki. Alisomea umeme katika chuo kimoja cha jirani. Hapo chuoni palikuwa na mshauri wa wanafunzi, mwalimu wa makamo, mpole, aliyeswali nasi msikiti mmoja. Nilijua kwamba binti huenda kuzungumza naye kila wiki. Wazungumzacho sikukiuliza. Nilichokiona ni kuwa siku hizo akirudi hula, na pengine hucheka. Hilo lilinitosha.

Alasiri moja, tulipomaliza kuswali, mshauri yule alimwomba imamu ruhusa, akasimama.

"Ndugu zangu, tumwombee mwanafunzi wetu mmoja, binti wa umeme, mwaka wa pili. Tangu afiwe na mamake ameshindwa kuswali. Mwenyezi Mungu amfungulie kifua."

Nilikuwa nimeshaitikia amin, tena kwa sauti, kabla akili yangu haijafika.

Mzee mwenzangu aliyeketi ubavuni akaninong'oneza, "Binti wa umeme si yule aliyetutengenezea feni? Kumbe atupepea sisi tuswali, yeye haswali." Akacheka. Kisha akautazama uso wangu. "Niwie radhi, bwana. Ulimi huu."

Kwetu mwenye mtihani huombewa dua na jamaa wote, na mshauri hakuwa na nia mbaya, wallahi. Alidhani kutotaja jina ndiko kumficha mtu. Lakini darasa lile lilikuwa na msichana mmoja tu.

Nilimkuta mshauri mlangoni akivaa viatu.

"Mwalimu, yule ni mjukuu wangu."

"Najua, mzee wangu. Ndiyo maana nilitaka nawe uitikie."

"Na yeye alitaka?"

Akainamia viatu vyake.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia. Jirani mmoja, kwa wema wake, alikuwa amemletea binti mswala mpya. Nilimkuta ameupakata, bado umo ndani ya karatasi yake ya nailoni.

"Babu, nawe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mke wangu."

"Ukaitikia?"

"Niliitikia."

"Nilikuwa nataka nianze. Alfajiri tu kwanza, nione kama nitaweza. Nilimwambia yeye peke yake. Sasa nikisimama, mtaa mzima utanihesabia rakaa."

Nilimwondolea ule mswala mapajani, nikaenda kuuweka kabatini.

Mshauri alikuja kuomba radhi. Binti alimwamkia kwa heshima, akamtilia chai, akamwambia amemsamehe, nami naamini alimsamehe. Lakini ofisini kwake hakurudi tena, wala kwa mshauri mwingine yeyote. Alipomaliza masomo alihamia kwa shangazi yake Mikindani. Akinipigia simu huniuliza nimekula nini, nami humwuliza kazi. Mazungumzo yakimgusa mamake, sote wawili hugeuza maneno.

Siku hizi nikimwombea, huomba kimya, hata midomo siichezeshi. Sijui kama anaswali, na sitamuuliza.

Nawe unayesoma, Mwenyezi Mungu akujaalie mtu wa kumwambia lililo zito kwako, na ulimwambialo liishie kwake. Amin.