Muhula Uliovunjwa Kabla Furaha Hajafika

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya Mbunge wetu, kaskazini mwa London, juu ya duka la mazulia, Meneja alinionyesha kiti kibovu akasema, "Wanaozungumza Kiswahili wote ni wako." Kazi yenyewe waliiita casework: kufuatilia shida za wapiga kura, nyumba, viza, matibabu, kwa barua zenye nembo ya Bunge. Idara iliyokuwa imelala ikiiona nembo ile, huamka.

Wakati huo sheria mpya ilikuwa imeweka muhula wa Bunge miaka mitano kamili. Awali Waziri Mkuu aliitisha uchaguzi alipojisikia. Nilifurahi mno, maana viza haijui haraka.

Mama Furaha, Mkongo anayesafisha maofisi, alimwacha bintiye Bukavu akiwa darasa la pili, na sasa alitaka viza ya kumleta. Mbunge alimshika mkono, nami nikatafsiri: "Nina miaka mitano. Tutalimaliza hili."

Hata nusu haikufika. Zaidi ya theluthi mbili ya wabunge, kama sheria ile ilivyoruhusu, wakakubaliana kwenda kwenye uchaguzi wa mapema, Bunge likavunjwa. Likivunjwa, mbunge si mbunge tena, na karatasi za nembo hazigusiki. Meneja akazifungia kabatini.

"Baba, mulisema miaka tano," Mama Furaha aliniambia. "Sasa mutoto wangu naye angojee kura?"

Nilimwonea huruma, na niliwakasirikia wakubwa wanaokata muda kana kwamba ni wao peke yao wanaoutumia.

Mbunge wetu akabwagwa, nasi kazi ikaota mbawa. Mbunge mpya alipoanza kupokea watu, nilipanga foleni na Mama Furaha kama raia wengine. Mbunge akaniuliza mimi ni nani. Nikasema, "Jirani." Alitusikiliza vizuri, sina kinyongo naye, lakini kesi ilianza upya kabisa.

Siku hizi nimestaafu, niko Thornton Heath, kusini mwa London, kwa binti yangu. Mjukuu wangu anayesomea siasa hunichokoza: "But Babu, five years is too long!" Huenda. Mbunge mzembe hata mwaka mmoja ni mwingi, namwambia. Ila wakiamua mitano, iwe mitano.

Kisha namsimulia siku tuliyokwenda Heathrow kumpokea Furaha. Mlango ulifunguka, akatoka msichana mrefu na begi lake. Mama yake akampisha apite, akaendelea kumtafuta mtoto.