Bahasha Saba na Ndoo ya Cucu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo siwezi kutulia kitini. Umenionyesha simu yako, masomo yote ya sekondari yamo humo na walimu pia, nawe unaniambia utayatazama wikendi. Wikendi! Hebu ngoja nikusimulie.

Miaka ya tisini niliacha shule kidato cha pili baba alipougua, nikaenda kukaa Mweiga kwa nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Cucu. Nilitaka sana kuwa muuguzi, na hakuna chuo kingenitazama bila cheti cha kidato cha nne. Nikajiandikisha kusoma kwa njia ya posta. Kila wiki mbili ilikuja bahasha ya kaki kutoka Nairobi, na ndani kijitabu cha somo pamoja na kazi niliyokuwa nimetuma, ikiwa imesahihishwa na mwalimu nisiyemjua hata kwa sura. Hakuna kengele, hakuna kiboko. Nikadhani huo ndio uhuru.

Nami sikuwa mtu wa kutulia. Nikifungua kitabu, nakumbuka viazi havijapaliliwa. Nikishika jembe, moyo unanisuta kwa ajili ya kitabu. Narudi, nachonga penseli, natoka tena kutazama kama mvua inakuja. Bahasha nikawa nazipanga juu ya kabati, nikijiambia nitazimaliza Jumamosi moja nikipata nafasi. Zikafika saba, hata moja sijaifungua.

Cucu akaziona.

"Hizi utasoma lini?"

"Jumamosi, Cucu. Zote mara moja."

"Ati Jumamosi?"

Jioni nilipotafuta ndoo ya kukamulia, nilimkuta uani ameipindua na kuikalia.

"Leo hatukamui," akasema. "Ng'ombe nayo itangoja Jumamosi, tukamue ya wiki yote mara moja."

Nikacheka. Lakini jua likazidi kushuka, ng'ombe akaanza kulia, kiwele kimemjaa, maziwa yanadondoka chini. Nilizunguka boma kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Cucu, ataumia! Na tukizoea hivi atakauka!"

"Kumbe unajua," akasema, akainuka. "Na kichwa yako je?"

Nilikamua huku nikilia kwa hasira na aibu. Kisha nikaenda kabatini nikafungua bahasha iliyotangulia kufika. Ilikuwa kazi yangu ya hesabu, na pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Swali la nne umekaribia sana. Lijaribu tena unirudishie. Nangoja." Alikuwa amengoja miezi mitatu.

Nililifanya jioni ileile, na kesho yake nikalipeleka posta. Jibu lilirudi kwa mwandiko wa mtu mwingine. Mwalimu wangu alikuwa amekwisha kuondoka, na mtihani uko mlangoni. Mwaka ule hesabu ilinishinda. Nilirudia mwaka uliofuata, nikisoma kidogo kila asubuhi nikitoka tu kukamua, nikapita, na uuguzi nikaupata. Lakini yule wa wino mwekundu hakuwahi kupata jibu langu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Basi sikia, mwanangu. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Chagua saa yako ya kusoma, iwe ileile kila siku, baada ya jambo ambalo hulikosi kamwe. Somo la leo lifanye leo, hata likiwa ukurasa mmoja. Usipoelewa, muulize mwalimu siku hiyohiyo, wala usione haya, hata uso wako hauoni. Na ukisikia miguu inakuwasha kutoka nje, maliza kwanza swali uliloanza. Hili la mwisho mimi mwenyewe bado linanitoa jasho.

Mungu akupe makalio mazito kuliko yangu. Akili yako isikauke. Na kila anayekungoja, apate jibu lako akiwa bado yupo.