Mwezi Niliouficha

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilikuwa na kuta nene za mawe na chokaa, na maisha yangu yote nilikuwa nikizilalamikia. Zilimeza rangi, zilitoa chumvi, na msumari haukuingia. Mgeni akizisifu nilimwambia ahamie yeye, akaone. Leo sithubutu kuzisema vibaya, maana ndizo zilizotuacha hai mama yangu, binti yangu wa miaka sita na mimi.

Baba alifariki jioni ya kuandama mwezi. Mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi asitoke nyumbani, asijipambe, asijitie manukato. Tulimwekea kitanda chumba cha ndani kabisa, nyuma ya stoo, kisicho na dirisha, kwa sababu ndicho chenye baridi. Watu wa msibani walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Siku ya tisa jua likatugeuka.

Sijui niseme vipi vingine. Ilikuwa asubuhi, tumekaa na mama chumbani kwake tukichambua mchele uliobaki matangani: mimi, mtoto, na mdogo wangu wa kiume. Mwanga ukaingia kwa chini ya mlango, mweupe kuliko taa yoyote, ukakaa muda wa kuchemsha birika la chai. Nje watu walipiga kelele, kisha hawakupiga tena. Feni ikazunguka mara mbili tatu, ikasimama. Mdogo wangu alipotaka kwenda kutazama, mama alimshika shati na hakuliachia mpaka adhuhuri.

Hatukufa njaa. Mchele wa hitima ya arubaini ulikuwa umeshanunuliwa, magunia manne, na tende, na unga, na kisima cha zamani kilikuwa ndani ya nyumba, chini ya ngazi. Tulichokosa ni mahali pa kwenda. Mdogo wangu alikuwa mchumaji karafuu Kizimbani, mtu wa kushinda juu ya mti, na sasa alikuwa akipima chumba kwa miguu: hatua saba kwenda, saba kurudi. Wiki mbili alivumilia. Kisha akatoka, baada ya magharibi, tukidhani jua likishatua na hatari imetua. Alirudi kabla ya isha. Alisema kichochoro chote, mpaka barabarani, hakukuta mtu wa kumwitikia salamu. Uso wake ulikuwa umeanza kuvimba. Siku ya nne akafa, na tukamzika stoo, pale pale palipokuwa na magunia. Niliyechimba ni mimi.

Tangu siku hiyo niliuchukia mlango wa mbele. Nilikuwa nikipita karibu nao nausukuma kuhakikisha komeo limekaa, hata mara kumi kwa siku.

Hatukuwa peke yetu kabisa. Ng'ambo ya kichochoro, orofa ya juu, alikuwapo shoga yake mama, bibi mmoja mwenye nyonga mbovu ambaye kwa miaka mingi hakushuka ngazi bila kushikwa mkono. Mpwa wake aliyekuwa akimshika mkono alikwenda sokoni asubuhi ile na hakurudi. Bibi alisalimika kwa sababu kichwa kilikuwa kikimuuma na alikuwa amefunga madirisha yote. Dari nene ilimkinga na mwanga, lakini joto lilibaki naye chumbani. Vichochoro vya kwetu ni vyembamba, watu wa juu huombana chumvi bila kushuka. Kila alasiri mama alipanda juu akakaa nyuma ya dirisha lililofungwa, na shoga yake nyuma ya lake, wakazungumza.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba. Leo mmepika nini? Msinambie wali."

"Wali, bibi."

"Haya. Niletee huo huo."

Nilikuwa nafungua dirisha kidogo, namnyooshea kikapu kwa upembo, ule mti wenye kulabu ambao mdogo wangu alikuwa akivutia matawi ya mkarafuu. Wali, tende, chupa ya maji. Alikipokea haraka na sote tukafunga. Kazi hiyo haikuchukua pumzi tano, nami nilikuwa nikiifanya kwa hofu na kwa hasira, maana nilimwona anatulazimisha kufungua dirisha. Nasema kweli. Nilimpenda, na nilikuwa nikimkasirikia kila siku saa ile ile.

Mama ndiye aliyetoa ahadi. Ilikuwa siku ya pili baada ya kumzika mdogo wangu, naye alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema kesho atafua.

"Shoga, nikishatoka eda nnakuja kukuchukua. Ntakushusha kwa mkono wangu, ukae kwetu chini, kwenye baridi."

"Mama," nikasema, "nje kunaua."

"Wewe una mtoto. Mimi nshaishi."

Sheria inamruhusu mwenye eda kutoka kwa dharura. Mama aliijua, na shoga yake aliijua zaidi. Lakini bibi mwenyewe alikataa. Alisema mume wa shogaye alikuwa mtu mzuri kwake, hatamvunjia heshima, na kwamba ana maji na ana wali na anaweza kungoja. Basi siku ya mama kutoka ikawa ndiyo siku yao wote wawili. Kwangu mimi ilikuwa siku ya kumzika mama.

Eda huhesabiwa kwa miezi ya kuandama. Mama ana mtoto wa jicho, mwezi mwembamba hauoni, kwa hiyo siku ya ishirini na tisa ya mwezi wa pili, baada ya magharibi, alinituma juu nikachungulie kwenye ufa wa dirisha la magharibi. Nilipanda. Mwezi ulikuwapo, juu ya bati la msikiti, mwembamba, umelala kidogo. Nilisimama nikiutazama mpaka ukazama. Kisha nikashuka.

"Haukuonekana," nikasema.

"Basi tukamilishe thelathini," akasema mama, na siku moja ikawa yangu.

Kesho yake alasiri bibi akapaza sauti dirishani kwake. "Mwezi umeandama jana! Nimeuona kwa macho yangu!"

"Mwanangu hakuuona," mama akajibu.

"Mwanao kipofu!"

Walibishana kama watu wanavyobishana Idi inapokaribia, huyu kafunga na yule kafungua, na wakacheka. Mama aliposhuka ngazi alinishika bega na kusema shoga yake macho yamezeeka. Mwezi wa tatu nikafanya vile vile. Siku mbili.

Mtu atauliza siku mbili ni nini. Muulize aliyefungiwa. Tulikuwa tumefika mahali pa kugombana kwa sauti ya kutafuna. Mtoto alisahau upepo. Siku moja nilimpepea kwa kawa la kufunikia chakula akashtuka, akauliza nani anapuliza. Mimi nilikuwa nikiamka usiku, nakwenda kushika komeo, narudi kulala. Kila siku ambayo mlango haukufunguliwa niliihesabu kuwa mama yangu nimempata tena. Nilidhani nikipata siku mbili, huenda nikapata na neno la kumzuia kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo nililijua. Wiki ile ya mwisho kunguru walirudi. Niliwasikia wakigombana juu ya paa mchana kweupe, wazima, wenye nguvu. Mtoto akasema, "Mama, kunguru." Nikamwambia ni bati linalia kwa joto.

Asubuhi ya siku ambayo kwa hesabu ya bibi ilikuwa ndiyo ya kutoka eda, hakungoja alasiri. Aliita mapema.

"Shoga! Nshavaa! Njoo!"

Mama alipanda, mimi nyuma yake. "Bado siku mbili, shoga yangu."

"Siku mbili?"

"Mwanangu ndivyo alivyohesabu."

"Ah, mwanao kahesabu," alisema bibi. Nilimsikia akivuta pumzi nyuma ya mbao. "Haya. Kama mwanao kasema, basi. Joto tu, shoga, leo lina mambo."

Nilikuwa na neno moja la kusema na dirisha lilikuwa mbele yangu. Nilitia maji kwenye chupa badala ya kulisema. Jioni nilimnyooshea kikapu, akakipokea polepole. Kesho yake alasiri sauti yake ilikuwa chini, akijibu neno moja moja. Kikapu hakukipokea. Alisema kiache, hana hamu.

Siku yetu ilipofika mama alikoga, akavaa kanga mpya, akajifukiza udi kidogo uliobaki. Alinibusu mimi na mtoto akijua anakwenda kufa. Nilimlilia miguuni. Akaniondoa taratibu, akavuta komeo, akatoka kichochoroni. Nilimtazama akisimama kwenye kipande cha jua kilichofika chini, uso juu, macho amefumba. Hakuna kilichompata. Lilikuwa jua la kawaida la asubuhi, la kuanikia nguo. Akaanza kucheka na kuniita nitoke na mtoto. Nikatoka, na huo ndio wakati nilipojua nimefanya nini, kabla hatujavuka.

Tulimkuta bibi ngazini kwake. Alikuwa amevaa buibui lake zuri, na mkoba umefungwa vizuri begani. Alikuwa ameshuka ngazi nne kwa kukaa, moja baada ya moja, akaegemea ukuta, akaishia hapo. Mwili ulikuwa bado haujakakamaa. Mama alimpapasa uso kwa mikono kwa sababu pale kulikuwa na giza na macho yake hayafai, na alimpapasa muda mrefu.

Sasa tunakaa Kizimbani na watu wachache tuliookotana kutoka mjini, Mkokotoni na Matemwe. Tunalima muhogo baina ya mikarafuu. Mama yu hai na ana nguvu. Kila Ijumaa humwombea dua baba, na mdogo wangu, na shoga yake. Akifika kwa shoga yake husimama kidogo, akatikisa kichwa.

"Mtu mwema yule. Lakini subira hakuwa nayo, mwanangu. Siku mbili tu, zikamshinda."

"Naam, mama," nasema.