Kijiko Kimoja kwa Debe

Kwa miaka kumi na mmoja kazi ya Bibi Ndoo ilikuwa kuokota kinyesi cha nguruwe, na hakuwahi kuionea aibu. "Kila mtu anakula kwa jasho lake," alizoea kusema, "mimi nakula kwa mavi ya nguruwe wa watu." Aliyasema hayo hata mezani, ndiyo maana wageni wake hawakuwa wengi.

Alikuwa afisa mifugo kwenye kituo cha utafiti. Kituo kilitaka kujua wafugaji wa nguruwe wanatumia antibayotiki kiasi gani, na kwa nini dawa zilizokuwa zikiponya zamani siku hizi haziponyi. Kuuliza hakukusaidia. Mfugaji akiulizwa na mtu wa ofisi kama anatumia dawa, hujibu "hapana" kabla swali halijaisha. Basi daktari wa utafiti, mwanamke kijana aliyerudi masomoni na akili nyingi na viatu visivyofaa bandani, akabuni mpango wa ndoo. Kila mfugaji alipewa ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akaambiwa kila chupa tupu na kila pakiti tupu ya dawa aitupe humo. Mwisho wa mwezi mtu atapita kuhesabu, hakuna kuulizana, hakuna kuvunjiana heshima.

Mwezi wa kwanza, kati ya ndoo arobaini, thelathini na nane zilikutwa zimeoshwa zinang'aa. Jamani, watu wamelelewa! Ndoo ya mgeni hairudishwi chafu. Chupa zote zilikuwa zimetupwa kwenye shimo la taka kama kawaida. Kati ya mbili zilizobaki, moja ilikuwa na maji ya kunywa, na nyingine ilikuwa imeondoka na binti wa nyumba alipoolewa. Daktari aliisoma ripoti mara tatu. Tangu siku hiyo ndoo zikawa za heshima tu, na hesabu ikafanyika shimoni, kwa kijiti. Jina la Bibi Ndoo likamganda hivyo hivyo.

Majina ya wafugaji hayakuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari lake. Huko maabara walikuwa namba tu. Majibu ya kinyesi yakitoka, Bibi Ndoo aliyapitia na chai mkononi. "Huyu kumi na tisa huyu, dawa anazimwaga kama maji," angesema, akitikisa kichwa, na kwa kweli aliyafurahia kidogo. Mkuki kwa nguruwe. Kisha yakaja majibu ya namba saba, na chai ikapoa.

Namba saba alikuwa kaka yake, na safari hii ilibidi amwambie daktari.

Baba yao alikufa Bibi Ndoo akiwa na miaka saba. Kaka mtu akaacha shule, akanunua nguruwe jike mmoja, na huyo mmoja akazaa elimu yote ya mdogo wake mpaka chuo cha mifugo. Nguruwe tisini na wawili waliuzwa, kwa hesabu ya kaka mwenyewe. Kila mdogo mtu alipokosea jambo, hata sasa ana mvi, aliambiwa, "Tisini na wawili wamekufa bure." Watu walimwita kaka huyo Bingwa, kwa sababu mifugo yake haikuugua. Majirani walikwenda kwake kuomba mawaidha, naye hakuwanyima.

Sasa ilikuwa inaugua. Ndani ya wiki tatu watoto wa nguruwe kumi na tisa walikuwa wameharisha mpaka wakafa, na majike saba walikuwa na wengine wadogo wanaonyonya. Sindano alizochoma mtu wa duka la dawa hazikufua dafu. Na kwenye fomu aliyojaza miezi sita nyuma, kabla ndoo hazijagawiwa, Bingwa alikuwa amejibu kwamba hatumii dawa yoyote. Ndoo yake ilikuwa safi. Shimo lake pia lilikuwa safi, na hilo ndilo lililokuwa la ajabu, kwa sababu hakuna shimo la mfugaji lililo safi.

Daktari alimwonyesha sahani ya maabara. Bakteria walikuwa wameota sahani nzima, na juu yao vipande sita vya karatasi vyenye dawa. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi kuizunguka. Duara lilikuwa moja tu.

"Dawa tano hawazisikii kabisa," daktari alisema. "Wamezizoea kama mtu anavyozoea redio ya jirani. Banda lisilotumia dawa haliwezi kuwa na bakteria hawa, mama. Kaka yako ananidanganya."

"Imebaki moja."

"Imebaki moja, na tunayo hapa kituoni. Lakini simpi mtu anayenificha. Akiichanganya na hicho anachowapa sasa hivi, miezi miwili na hii itakuwa maji. Halafu bakteria watoke kwake waende kwa majirani, na kutoka kwa nguruwe waje kwa watu. Akisema kweli na akaacha, kesho hiyo hiyo anaipata. Asiposema, narudi nayo."

"Nitasema naye," Bibi Ndoo alijibu. Moyoni alikuwa amekasirika. Huo ubingwa! Mtu yuko tayari wanyama wake wafe wote kuliko kukubali kwamba afya yao ilitoka kwenye pakiti.

Kesho yake walikwenda wote wawili, katoni ya dawa ikiwa nyuma ya gari. Wifi aliwapokea mikoba, Bingwa akawapokea kwa kusimama mbele ya mlango wa stoo ya pumba.

"Karibuni. Watoto wako kule," alisema, akionyesha banda la mbali zaidi.

Daktari alikwenda na wifi. Bibi Ndoo alibaki.

"Nipishe, kaka."

"Humo kuna panya."

"Mimi nashika mavi kutwa nzima, leo nitaogopa panya?"

"Ni wakubwa," Bingwa alisema. Hakuwa hodari wa kudanganya. Mdogo wake akampita chini ya mkono kama zamani walipokuwa wadogo, akaingia.

Magunia ya pumba yalikuwa yamepangwa vizuri. Kwenye msumari kulikuwa na kijiko cha mezani kilichofungwa kamba, na chini yake mfuko wa unga wa antibayotiki ulioliwa nusu. Pakiti tupu zilikuwa zimekunjwa na kufungwa mafungumafungu kama nguo za kwenda kanisani, pengine za miaka. Ukutani lilining'inia gunia ambalo halikuwa na kazi yoyote pale. Bibi Ndoo akalivuta.

Nyuma yake, kwa rangi ya buluu iliyofifia, kulikuwa na maandishi: KIJIKO KIMOJA KWA DEBE. KILA SIKU. USIACHE HATA WAKIWA WAZIMA.

Aliyasoma mara mbili. Mara ya pili hakuwa akisoma maneno, alikuwa akizitazama herufi. Hiyo K yenye mkia mrefu aliifahamu. Ameiandika maisha yake yote, na jana tu ameiandika kwenye lebo arobaini za sampuli.

Ndipo ikamrudia. Miaka ishirini na tisa iliyopita, mwezi wa kwanza baada ya chuo, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, alikuja hapa na kopo la rangi ili kumlipa kaka yake fadhila. Ndivyo walivyofundishwa wakati ule: dawa kidogo kila siku, mnyama anakua haraka, haugui. "Ni kama chumvi tu, kaka," alimwambia. Baadaye elimu ikabadilika. Akaenda kwenye semina, akazunguka kwa wafugaji wote akihubiri kinyume chake. Hapa peke yake hakuwahi kuja kusema, kwa kuwa Bingwa alikuwa Bingwa, atafundishwa nini? Na majirani, walipokuja kwa Bingwa kuomba siri, waliambiwa siri ipi? Wote thelathini na tisa waliobaki kwenye daftari lake. Akakalia gunia. Aliona aibu ambayo hajawahi kuionja tangu azaliwe.

Bingwa alikuwa ameingia nyuma yake. "Nilikwambia kuna panya."

"Kwa nini uliandika hutumii?"

"Ile fomu yako uliisoma vizuri? Swali la kwanza linauliza kama natumia. La pili linauliza nani alinielekeza." Akajikuna shingo. "Umebakiza miaka miwili ustaafu. Nikuandike wewe?"

"Wamekufa kumi na tisa, kaka."

"Nguruwe watazaliwa wengine. Mdogo wangu ninaye mmoja."

Viatu vya daktari vilikuwa vinakuja, vikitoa sauti ya tope. Daktari alisimama mlangoni. Aliuona mfuko, akakiona kijiko, kisha akausoma ukuta polepole, kalamu ikiwa tayari juu ya fomu.

"Haya maelekezo aliandika nani?"

"Marehemu baba," Bingwa alijibu haraka.

"Pole sana," alisema daktari, akaanza kuandika.

Bibi Ndoo aliitazama kalamu ikitembea. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye alikuwa amekitafuta miaka kumi na mmoja kwenye mabanda ya watu.

"Futa hapo, daktari. Baba alikufa hata banda hili halijajengwa. Mwandiko ni wangu."

"Wako, mama?"

"Wangu. Linganisha na lebo zako. Na wale majirani wote walijifunza hapa. Andika hivyo hivyo, usipambe."

Daktari alifuta, akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko sentensi moja inavyostahili. Kisha akasema anakwenda garini kuchukua katoni, akatoka bila kumwangalia mtu.

"Umeharibu," Bingwa alisema. Alikuwa amekasirika kwelikweli, mishipa ya shingo imemtoka. "Miezi sita nimebeba uongo huu, nimevumilia, wewe dakika moja tu umeshindwa!"

"Nilikosea, kaka. Miaka ishirini na tisa nilikuwa nimekosea. Huo unga uache leo."

"Niuache hata wakiwa wazima?"

"Hasa wakiwa wazima."

"Na wakifa?"

"Baadhi watakufa. Sikudanganyi."

Bingwa alitazama ukuta, akatazama magunia, akapumua. Kisha akatoka nje, na aliporudi alikuwa na kipande cha mkaa kutoka jikoni kwa wifi.

"Haya, andika," alisema, akimpa. "Andika kama zamani, nitafuata."

Bibi Ndoo aliupokea mkaa. Zamani alikuwa ameandika bila kufikiri hata kidogo. Leo alipima kila neno kabla mkaa haujagusa ukuta, na kaka yake akasubiri.